Chuma Hakitoki kwenye Orodha

Tarehe 21 Machi 2025 kampuni ya Kijapani ya Koei Tecmo ilitoa gemu mpya ya mfululizo wa Atelier, kazi ya studio yake ya Gust, yenye jina refu kama ilivyo desturi ya ukoo huo: Atelier Yumia: The Alchemist of Memories & the Envisioned Land. Mchezaji anakuwa msichana mwanaalkemia anayezunguka nyika na magofu akichuma majani, akichimba mawe na kuteka maji, kisha akivichanganya vyote ili apate dawa, mabomu, silaha na hata kuta za nyumba. Tangu ilipotangazwa mashabiki waligawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha. Wapo waliofurahia uwanja mpana usio na mipaka ya kusumbua na mapigano ya papo kwa papo. Wapo walionung'unika kwamba karakana, ambayo ndiyo moyo wa mfululizo mzima, imegeuzwa kibanda cha njiani: unabonyeza, kitu kinatoka, unaendelea na safari. Makala hii inasimama na wanaonung'unika, ila kwa sababu tofauti na zao, na ushahidi wake unatoka mkoa wa Kagera, Tanzania. Kata ya Kamuli, iliyokuwa Karagwe kabla ya Wilaya ya Kyerwa kuzaliwa mwaka 2012, imo katika nchi ambako watu walitengeneza chuma kwa udongo, majani na pumzi karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuufanya utengenezaji kuwa burudani ya kwenye kioo.

Kwanza tujue ugomvi wenyewe umeanzia wapi. Gust ilianzishwa mwaka 1993 huko Nagano, mji wa milimani ulio mbali na makelele ya Tokyo. Gemu yake ya kwanza ya Atelier, iliyotoka kwa PlayStation mwaka 1997, ilijitangaza kwa kejeli: ilisema imechoka na kuokoa dunia. Mhusika wake, Marie, si shujaa. Ni mwanafunzi wa mkiani katika chuo cha alkemia, na mwalimu wake anampa karakana na miaka mitano atengeneze kitu kimoja cha maana, la sivyo hahitimu. Kwenda msituni kunakula siku. Kupika mchanganyiko kunakula siku. Ukikosea, siku zimekwenda na malighafi imekwenda nazo. Atelier Rorona ya mwaka 2009 ilibana zaidi: serikali ya ufalme inataka kuifunga karakana, na Rorona ana miaka mitatu na kazi kumi na mbili za kuthibitisha kwamba inastahili kubaki. Halafu kamba ikaanza kulegezwa. Atelier Sophie ya mwaka 2015 haikuwa na mwisho wa muda, Atelier Ryza ya mwaka 2019 ikaleta wachezaji wengi ambao hawajawahi kusikia habari za Marie, na Yumia ikafika mbali kuliko zote, kwani vitu vingi vya kila siku vinaundwa palepale porini bila hata kurudi karakanani. Kuna kitufe kinachochagua malighafi kwa niaba yako. Mtu anaweza kuifikisha hadithi mwisho pasipo kujua kwa nini jani hili limeingia na lile limeachwa.

Wanaoitetea njia mpya wana hoja nzito. Wanasema kalenda ya zamani iliwatisha watu, kwamba mtu anayefanya kazi siku nzima hana nguvu ya kurudia gemu kwa sababu alipoteza wiki mbili za kubuni akitafuta uyoga usiofaa. Gust yenyewe haijakata shauri. Ilipomfufua Marie mwaka 2023 iliweka njia mbili, yenye kikomo cha muda na isiyo nacho, kila mtu achague. Miezi sita baada ya Yumia, Septemba 2025, ikatoa Atelier Resleriana: The Red Alchemist & the White Guardian, ikarudisha mapigano ya zamu kwa zamu na kuongeza duka la kuuzia vilivyotengenezwa. Matumaini ya mashabiki sasa yanapepea upande huu na ule kutegemea nani amechukizwa na lipi. Lakini sikiliza kwa makini utaona pande zote mbili zinabishana kuhusu kitu kimoja, ugumu, kama wapishi wanaogombania kiasi cha chumvi bila kuuliza ndani ya chungu kuna nini. Swali lililo chini ya hilo ni hili: je, kitu kilichotengenezwa kinabeba alama ya mahali kilikotoka, muda uliokilea na watu walioshirikiana kukipata? Kikizibeba, ugumu unakuja wenyewe nao una maana. Kisipozibeba, kuongeza siku na kupunguza malighafi ni kumsumbua mchezaji tu.

Hapo ndipo Kagera inapokuwa na la kusema. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote Wamarekani, walikaa na wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, wakawaomba wakiyeyushe tena. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa takriban nusu karne. Wazee walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma ya zamani, wakachimba shimo chini yake, wakalijaza nyasi na matete ya bwawani yaliyochomwa hadi kuwa meusi. Mtapo ulikaangwa kwanza juu ya moto wa magogo. Mabomba ya udongo manane yakaingizwa ndani ya tanuri, kila moja na mivukuto yake ya ngozi, na vijana wakapokezana kuvukuta kwa saa nyingi. Watafiti waliripoti joto lililopita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Walipochimba mabaki ya tanuri za kale katika Ghuba ya Kemondo na Katuruka, za karne za mwanzo za Kikristo, walikuta mavi ya chuma yenye alama za nyasi za aina hiyohiyo, ishara kwamba mbinu ya wazee wale ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Taarifa yao katika jarida la Science mwaka 1978 iliwashtua waliozoea kuamini kwamba Afrika ilipokea ufundi huu ukiwa umekwisha kupikwa kwingine.

Angalia yale matete. Mtu akiandika orodha ya vitu vya kutengenezea chuma ataandika mtapo, makaa, udongo, upepo. Nani angeweka majani ya bwawani? Kumbe kaboni iliyokuwa kwenye majani yale yaliyoungua ilikutana na mavi ya chuma yaliyoyeyuka na kudondokea shimoni, na humo sehemu ya chuma ikazaliwa. Kitu kilichoonekana kama kitanda cha kulalia moto ndicho kilichokuwa kikifanya kazi. Zaidi ya hapo, hakuna mzee mmoja aliyekuwa na ujuzi wote kichwani. Huyu alikumbuka udongo, yule mtapo, mwingine dawa zilizofukiwa chini ya tanuri, nao walijaribu, wakakosea, wakarekebisha mpaka kumbukumbu zao zikashikana. Hata wataalamu hawajamaliza kubishana: Schmidt na Avery walidai kwamba mabomba yaliyoingia ndani sana yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na wenzao wakaja na mahesabu ya kupinga. Maarifa ya namna hii hayakai kwenye ukurasa mmoja wa kitabu cha mapishi. Yamegawanywa kati ya bwawa, kichuguu, mikono na mabishano.

Kwa haki, Gust inafahamu sehemu ya jambo hili kuliko washindani wake wengi. Katika Minecraft, chuma ni chuma. Kichimbwe popote, kipande kitakachotoka tanurini ni kilekile. Katika Atelier, jani lililochumwa mtoni na jani la jina hilohilo lililochumwa mlimani vinaweza kutofautiana ubora na sifa, na sifa hizo zinarithiwa na kitu kitakachoundwa, kisha na kitu kingine kitakachoundwa kwa hicho. Dawa ya leo inakumbuka kilima cha juzi. Hii ndiyo hazina ya mfululizo, na ndiyo inayofifia pale kitufe kinapochagua kwa niaba ya mchezaji. Kwa hiyo shabiki anayedai kalenda irudishwe anadai dawa iliyo karibu na ugonjwa bila kuugusa. Muda ulikuwa na thamani kwa Marie kwa kuwa ulimlazimisha achague kilima kipi aende na kipi akiache, na uchaguzi huo ukaonekana ndani ya chupa. Rudisha kalenda huku kitufe kikibaki, utakuwa umemwongezea mtu haraka tu.

Liko jambo ambalo hata Marie hakuligusa, nalo ufalme wa zamani wa Karagwe ulikuwa nalo kwa wingi. Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na mpelelezi mwenzao Stanley alipopita mwaka 1876, walioneshwa hazina ya kifalme: mikuki, nyundo, ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu. Makao ya wafalme yalikuwa Bweranyange, na simulizi zinamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi. Ng'ombe wa chuma halimi, hachomi adui, hakati mti. Kwa hesabu ya gemu nyingi ana nguvu sifuri na angeuzwa kwa bei ya takataka. Lakini ndani ya Karagwe alisema nani ana haki ya kutawala watu na mifugo yao, na nyundo iliyowekwa kando yake ilisema kwamba mamlaka hiyo inafuliwa, hairithiwi kwa jina peke yake. Kitu kilichotengenezwa kilibadilisha mahusiano ya watu. Ukizitazama kwa jicho hilo, gemu za utengenezaji ni maskini: karibu kila kinachotoka karakanani kinapimwa kwa namba ya kujeruhi au ya kuponya. Lile duka la Resleriana ni hatua ndogo ya kuelekea pazuri, kwa sababu angalau kitu kinakwenda mikononi mwa mtu na mtu anarudi na maoni.

Wala si lazima tuende kwa wafalme. Chukua rubisi, pombe ya ndizi ambayo haijapotea. Ndizi zake zina aina yake na zinaivishwa kwa siku kadhaa, kisha zinakamuliwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi inachujwa, inaongezwa mtama uliosagwa na kufunikwa ichache. Idadi ya viungo ni ndogo, mtoto angeikariri. Lakini ndizi zilizowahi kidogo au kuchelewa kidogo hutoa kinywaji kingine, na kinachofanya pombe ile kuwa na maana ni mpangilio wa nani anamiminiwa kwanza, posa gani inasubiri, deni gani la kijirani linalipwa. Mbunifu wa gemu akiweka hatua zote za kukamua na kusahau wanywaji atakuwa amepata maji matamu.

Sasa mapingamizi, maana yapo na si ya kudharau. La kwanza linasema gemu ni mapumziko. Kijana wa Kamuli aliyeamka na jembe, akapalilia kahawa na migomba, hataki jioni apewe jembe lingine la umeme. Isitoshe, muda wenye kikomo unamwandama katika maisha yake halisi. Anayeijua butura anajua: shida ikibisha hodi, kahawa inauzwa ikiwa bado changa mtini kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Je, mtu huyo afurahie kalenda ya Rorona? Pingamizi hili lina uchungu wa kweli, lakini linachanganya mambo mawili. Katika butura, muda wa mkulima unahamia kwa mnunuzi. Yeye anabaki na kazi ya kulinda mti ambao matunda yake si yake tena. Katika karakana ya gemu nzuri, siku zote ni za mchezaji mwenyewe, azipange, azipoteze, avune alichokipanda. Raha yake iko papo hapo, katika kuwa na muda na kuamua. Anayenyimwa hilo mchana ana sababu zaidi ya kulitafuta usiku. Vijana wanaojazana kwenye vibanda vya gemu kucheza mpira wa kwenye skrini hawaombi uwarahisishie. Wanakaa masaa kunoa pasi moja, na anayeshinda kwa bahati anachekwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tanuri ya kuyeyushia chuma haikuwa mahali pa wote. Wanawake hawakuruhusiwa kuisogelea, wayeyushaji walijizuia na wake zao siku za kazi, na tanuri yenyewe ilieleweka kama tumbo la uzazi lenye chuma kama mtoto. Atelier ni mfululizo ulio kwa sehemu kubwa wa wasichana mafundi tangu siku ya kwanza. Atakayesifu miiko ya zamani hapa atakuwa anasifu mlango uliofungwa usoni mwa nusu ya watu. Nakubali kabisa kwamba mlango huo haustahili kusifiwa. Lakini gemu si lazima iusifu ili iuoneshe. Msichana anayeingia kwenye tanuri ya namna hiyo, akijua amevunja mwiko gani na nani atakasirika, ana hadithi yenye damu. Yumia amejengewa kitu cha kufanana: katika dunia yake alkemia imekuwa mwiko baada ya milki ya Aladiss kuanguka, na watu wanamwogopa. Tatizo ni kwamba hofu hiyo inaelezwa zaidi kuliko inavyozuia. Mchezaji anaunda apendavyo, popote, wakati wowote, huku wahusika wakimwambia kwamba jambo hilo ni la hatari. Mwiko usiogharimu chochote ni pambo.

Na hata chanzo cha kufa kwa ufundi kingeweza kufikiriwa upya. Waandishi wa gemu wanapenda ujuzi ukomeshwe kwa janga kubwa, milki ikiporomoka kwa usiku mmoja. Huko Kagera ujuzi huo ulikufa kwa njia ya polepole na ya kawaida mno: jembe la kiwandani likaja dukani kwa bei nafuu, serikali za kikoloni zikabadilisha mambo, vijana wakaona hakuna haja ya kuvukuta siku nzima kwa kitu kinachonunuliwa. Wahunzi walibaki wakifua vyuma chakavu, lakini kuyeyusha kukakoma. Fikiria gemu ambayo adui wake si joka wala mfalme, ni bidhaa rahisi inayofanya kazi vizuri. Hakuna wa kumpiga. Kila mteja anayekuacha ana sababu ya haki. Hilo ni gumu kuliko kalenda yoyote, na linamhusu fundi wa leo, wa viatu, wa nguo, wa vyungu, kuliko milki yoyote ya kubuni.

Linabaki pingamizi la pesa: nani atatengeneza kitu kama hicho, kwa nani, kwa lugha gani? Wajapani hawana sababu ya kuja Kyerwa, na hatuwadai. Kwa upande wa lugha, mfano upo tayari. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, ya studio ya mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, Abubakar Salim, iliyosimuliwa pia kwa Kiswahili kwa sauti za waigizaji, nayo inatokana na msiba wa baba yake na hadithi za Kibantu. Si gemu ya utengenezaji, ni ya kuruka na kupigana, na mwaka huohuo studio yake ililazimika kupunguza wafanyakazi, kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba ubora unalipa wenyewe. Kabla yake, mwaka 2016, Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion kwa fedha zilizochangwa kidogo kidogo. Gharama kubwa ya gemu za leo iko kwenye uwanja mpana, nywele zinazopepea na mapigano ya kung'aa, yaani vilevile vitu ambavyo mashabiki wenye manung'uniko wanasema vimeimeza karakana ya Yumia. Utengenezaji wenye kumbukumbu hauhitaji hivyo. Unahitaji mtu aliyekaa akaelewa kwa nini matete, kwa nini kichuguu, na nani anamiminiwa kwanza, kisha akaandika kanuni zinazofuata hayo. Maelezo ya Schmidt yamechapishwa, na filamu ya kazi ile ya wazee, The Tree of Iron, ipo tangu mwaka 1988. Marie wa mwaka 1997, pamoja na miaka yake mitano, misitu yake na michoro yake yote, alitosha kwenye diski moja ya PlayStation isiyofika megabaiti 700. Simu za bei ya kawaida zinazouzwa madukani Kayanga na Nkwenda zina nafasi mara nyingi ya hiyo.